Vita vya Mama na Virukia

Mama alistaafu ualimu mkuu akiwa bado na nguvu zake zote, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Maisha yake yote alikuwa na shule nzima ya kugombeza. Ghafla akabaki nyumbani Butiama na mbuzi wachache, mizinga ya nyuki, na shemeji yake.

Huyo shemeji ni baba yangu mdogo. Alikuja kwenye msiba wa baba na begi la mgongoni, akasema atakaa mpaka arobaini ipite. Arobaini ikapita. Tukafanya ibada ya mwaka, ikapita. Begi likaliwa na panya, naye akasema sasa hata akitaka kuondoka hana pa kuwekea nguo. Kazi yake kubwa ilikuwa kulala upenuni na redio juu ya tumbo, akisikiliza taarifa za hali ya hewa kana kwamba alikuwa na shamba mahali fulani. Kwa kichuri, ile supu yetu chungu ya nyongo, alikuwa anaamka bila kuitwa.

Mama hakuweza kumfukuza. Baba kabla hajafa alimshika mkono akamwambia, "Mdogo wangu usimwache." Mama anasema laiti angekuwa amezimia dakika hiyo. Lakini aliitikia, mbele ya mashahidi, na ukoo wetu husahau vyote isipokuwa ahadi za wajane.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kilima cha mawe, na kwenye kilima kuna kimsitu alichotuachia babu: migunga, mikwaju, mizambarau. Hakuna anayekata mti pale. Mama alikuwa akichungia mbuzi humo, na mizinga yake ilining'inia humo. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuinua macho juu ya mizinga. Alipostaafu ndipo akaanza kuinua macho.

Jumamosi moja ya kiangazi nilifika kutoka Musoma, ninakofundisha biolojia sekondari, nikamkuta amesimama chini ya mgunga, mikono kiunoni, kama vile mti umechelewa namba.

"Hayo majani ni ya nani?" akaniuliza.

Nikaangalia. Mgunga wenyewe ulikuwa umepukutika karibu wote, lakini kwenye matawi kulikuwa na mafungu ya majani mabichi, mazito, yenye maua mekundu membamba kama njiti za kiberiti.

"Ni virukia, mama. Ni vimelea."

"Hebu nieleze vizuri. Si ndiyo kazi unayolipwa?"

Nikamweleza. Ndege anakula tunda la kirukia, mbegu inamnatia mdomoni au inamtoka nyuma, anajifuta kwenye tawi. Mbegu inang'ang'ania pale, inatoboa gome, inaanza kunywa maji na madini ya mti.

"Bila kuomba?"

"Bila kuomba."

"Na mti unafanya nini?"

"Unavumilia tu."

Mama akageuka taratibu kuelekea nyumbani. Kutoka pale tulipokuwa tuliweza kuona upenu, mkeka, na nyayo mbili za baba mdogo zimetazama juu.

Nikajaribu kumalizia somo. Nikasema kirukia si mnyonyaji kamili, kina majani ya kijani, chakula chake kinajitengenezea chenyewe kwa jua, kinachoiba ni maji na madini.

"Yaani ni mnyonyaji nusu," mama akasema. "Hata huyu siku mojamoja anajichomea mahindi. Vinatoka vyote."

"Mama, kuna ndege wanaotegemea..."

"Nilikufundisha mimi kusoma hicho kitabu. Vinatoka."

Basi vita vikaanza. Na kwa kuwa mama ni mtu wa kuua ndege wawili kwa jiwe moja, mkataji aliyeteuliwa alikuwa baba mdogo.

"Shemeji, mimi na kupanda miti hatupatanagi," baba mdogo akalia.

"Hata mimi na kukupikia hatupatani, lakini nimezoea. Panda."

Alipanda. Nilikuwepo wikendi ya kwanza nikaona kwa macho yangu: mwanaume mzima, kaptura ya zamani ya baba yangu, panga limefungwa kwenye ufito mrefu, anakata fungu moja kisha anapumzika kama aliyeng'oa mbuyu. Mafungu yakianguka, mbuzi wanakuja mbio. Walikuwa wanayagombania. Walikula majani, maua, mpaka vijiti, kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mbuzi wakila kitu walichopewa kihalali. Mtu mwingine angejiuliza mbuzi wanajua nini. Mama aliona tu kwamba uwanja unajifagia wenyewe.

Habari zikasambaa. Majirani wakaja kutazama. Mchungaji naye alipita, akasifu sana, akasema mama anasafisha mlima kama mtu anavyosafisha moyo. Mchungaji huyo alikuwa anapokea asali ya mlima huo kila mwaka na hajawahi kurudisha hata chupa.

Kazi ilienda hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka likabaki fungu moja kubwa kuliko yote, kwenye mgunga mrefu ulioinamia mwamba. Nilipigiwa simu na mama mwenyewe kuelezwa yaliyotokea, kwa hiyo mnaweza kukisia jinsi maelezo yalivyopunguzwa makali. Baba mdogo alisema tawi limeoza. Mama akasema mtu asiyejua hata siku ya gulio hawezi kujua tawi bovu na zima. Baba mdogo akakanyaga. Tawi likakatika, likashuka naye, pamoja na kirukia chake, mpaka kwenye mchongoma, na kutoka kwenye mchongoma mpaka kwenye mwamba.

"Shemeji, umeniua!" alipiga kelele.

"Ungekuwa umekufa usingesema," mama akamjibu, huku tayari anachana kanga yake amfunge.

Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Wakampeleka hospitali Bunda, akawekewa plasta, akarudishwa nyumbani na amri ya kutokanyaga chini. Ndipo mama alipoelewa alichokifanya. Kabla ya ajali baba mdogo alikuwa mzigo unaojipeleka wenyewe chooni. Sasa alikuwa anapelekewa uji, anapelekewa ugali, anapelekewa beseni. Alihamishwa kutoka upenuni akapewa chumba cha wageni chenye dirisha. Akaomba na mto wa pili.

"Nilitaka kupunguza mmoja," mama aliniambia kwa simu, "nimemwongezea mizizi."

Masika yalipita vizuri, kila kitu kilikuwa kijani, na mama akaendelea kujisifu. Kiangazi kikaja. Nilipopanda kilimani mara hiyo sikuupenda ule msitu. Ulikuwa safi mno. Miti imekaa kama wanaume waliotoka kinyozi siku moja. Hakukuwa na ua hata moja. Na kulikuwa kimya. Wale chozi, vile vindege vya rangi ya kung'aa vyenye midomo iliyopinda, ambavyo kila asubuhi vilikuwa vinagombana juu ya maua mekundu ya virukia, havikuwepo.

Wa kwanza kulalamika alikuwa baba mdogo, kutoka kitandani, ambako sasa alikuwa na plasta ya pili kwa sababu mfupa uligoma kuunga. Msidhani alikuwa mpenzi wa viumbe.

"Siku hizi ndege hawaimbagi," alisema. "Walikuwaga wananiamsha chai ikiwa ya moto. Sasa naamka imeshapoa."

"Pole sana," mama akasema. "Nitakuletea tarumbeta."

Lakini wiki hiyohiyo alifungua mzinga wa kwanza, ukawa mtupu. Wa pili ulikuwa umejaa utando wa nondo. Kwenye wa tatu walibaki nyuki wachache, wamechoka, hata hawakujisumbua kumuuma. Mama alisimama pale na kifukizo chake kinatoa moshi bure, na mimi nikasimama pembeni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu aliniuliza swali bila kuwa na jibu lake mfukoni.

"Wameenda wapi?"

"Wamefuata chakula. Miezi hii migunga haina maua, mikwaju haina maua. Maua yaliyokuwepo kiangazi ni ya virukia."

Akazima kifukizo. Tukashuka. Njiani tukakuta mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanabandua gome la mzambarau mchanga. Hawajawahi kufanya hivyo. Kiangazi kilichotangulia walikuwa wanakula virukia vya matawi ya chini, vibichi wakati majani yote yamekauka. Sasa vya kula havipo, walikuwa wanakula mti wenyewe. Jana yake walikuwa wamekula na gauni la mama la kanisani, upande wa mkono.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa udongo. Mama alikuwa na kawaida ya kuzoa udongo mweusi chini ya migunga kwa ajili ya bustani yake ya mchicha. Mwaka huo alikwenda na ndoo, akakuta takataka ni chache na kavu. Ikabidi nimweleze na hilo. Mti ukitaka kudondosha jani, kwanza unalinyonya, unarudisha chakula ndani, unaangusha ganda. Kirukia hakina ubahili huo, kwa kuwa mali si yake. Kinadondosha majani yakiwa bado na shibe, tena mwaka mzima. Chini ya fungu la kirukia udongo unanona, wadudu wanajaa, majani yanaota, na ndege wa kuchakura wanakuja.

"Kwa hiyo kinaiba juu, kinagawa chini," mama akasema.

"Kwa lugha ya mtaani, ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia ukanikatisha."

"Mwanafunzi mwenye akili humalizia hata akikatishwa."

Nikajua amejuta. Hiyo ndiyo sauti yake ya kujuta.

Siku ya kwenda Bunda kutolewa plasta nilichukua ruhusa kazini nikaenda nao. Plasta ilitolewa, mguu ukatoka mwembamba na mweupe-mweupe, baba mdogo akaulilia kama maiti ya ndugu. Akapewa gongo la kwapani. Tukiwa tunatafuta mahali pa kupata chai, mama akasimama ghafla. Mbele yetu kulikuwa na duka la bati na misumari, na uani, juu ya ukuta mfupi, mpera mzee uliofunikwa na virukia. Vilikuwa na matunda mekundu yaliyoiva.

"Mkalishe hapo," akaniambia, akimaanisha shemeji yake. Kabla sijauliza ameshaingia uani, ameshageuza mwavuli wake, ameshaanza kuvuta tawi kwa mpini.

Mwenye duka akatoka, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufuma na miwani kwenye kamba.

"Mama, habari za leo. Unatafuta nini mtini kwangu?"

"Nzuri, baba. Natafuta matunda."

"Mapera yameisha."

"Sitaki mapera. Nataka haya mekundu."

Yule baba akavaa miwani. "Hayo si ya kuliwa. Hayo ni virukia. Nimetafuta mtu wa kuniondolea mpaka nimechoka." Kisha akapunguza sauti, akasogea. "Ni ya dawa? Maana kuna watu wanakujaga hapa kuyaomba, wanasema ni mambo ya uzazi."

"Uzazi gani na mimi umri huu?" mama akasema. "Naenda kuyapanda."

"Kuyapanda wapi?"

"Kwenye miti yangu, Butiama."

Yule baba akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Unaenda kupanda kirukia. Kwa makusudi."

"Kwa makusudi."

"Astaghfirullah," akasema, si kwa hasira, bali kwa furaha ya mtu aliyepata hadithi ya kwenda nayo barazani jioni. Akaita mafundi wake wawili waje wasikie. Mama akawaeleza wote: nyuki, chozi, mbuzi, udongo, gauni. Aliwafundisha darasa lote lile nililomfundisha mimi, na hakunitaja. Mwishoni mwenye duka mwenyewe alileta ngazi, akaleta na ndoo tupu ya rangi, akasema achukue yote.

"Sichukui yote," mama akasema. "Na wewe usivimalize. Punguza tu, mti upumue."

"Sasa mama, umekuja kuniibia au kunipangia?"

"Vyote."

Asubuhi iliyofuata tukapanda kilimani. Mbegu ya kirukia huwezi kuifukia ardhini, itaoza. Unaminya tunda, inatoka mbegu iliyovaa ulimbo, unaibandika kwenye tawi jembamba. Kwenye maelezo ni rahisi. Kwa vitendo ule ulimbo haujui mti ni upi na binadamu ni yupi. Mbegu zilibandika vidoleni mwetu, kwenye nyusi, kwenye kilemba cha mama. Ukiitoa kidole hiki inahamia kile. Ukijikung'uta inavutika kama kamasi na kurudi. Ndege anafanya kazi hiyo kwa makalio bila mafunzo yoyote. Sisi tulikuwa watu wawili wenye vyeti na tulikuwa tunashindwa.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye mwamba na gongo lake, anaelekeza.

"Shemeji, pale kushoto. Pale kuna tawi zuri."

"Kila mtu leo ni mwalimu," mama akasema.

"Mimi matawi nayajua. Nimeanguka nayo."

Mama akaanza kucheka. Sijui kilichomshika. Alicheka akishikilia mgunga, na aliposhikilia mgunga mkono ukagandia, akacheka zaidi. Baba mdogo naye akacheka mpaka gongo likamtoka likabiringika chini ya kilima. Nilikaa chini. Tangu baba afe sikuwa nimesikia kicheko cha namna hiyo pale nyumbani.

Ndipo mchungaji akapita na baiskeli yake, akasimama.

"Mwalimu, naona tena unavirudisha?"

"Mchungaji, unataka asali hutaki?"

"Nataka."

"Basi niombee huku unaendelea na safari."

Sasa matokeo. Mbegu nyingi zilikauka. Nyingine zilibebwa na sisimizi. Moja ilikutwa imeota mgongoni mwa mbuzi, kijani kabisa, kamzizi kake kamejipinda kanatafuta gome; ikafa, mbuzi akanyimwa heshima ya kuingia kwenye vitabu. Chache tu, za kuhesabika, zilishika kwenye matawi, na kabla hazijawa na majani mapana, mama akagundua jambo jingine. Nyuma ya kilima, upande ambao hatufiki sana, kulikuwa na mkwaju umejaa virukia vikubwa, vya zamani, vina maua. Chozi walikuwa hapo. Videge vingine vidogo vinene vilikuwa hapo, vinameza matunda na kuja kujifuta kwenye migunga yetu, na kila vilipojifuta palishika.

Mama akarudi nyumbani.

"Shemeji, ule mkwaju wa nyuma si uliniambia umeumaliza?"

Baba mdogo akazima redio, jambo lisilo la kawaida. "Niliumaliza."

"Uliumaliza vipi?"

"Kwa macho. Kulikuwa na kivuli kizuri, nikasema nianze na kupumzika."

Najua mnachokisubiri. Mnasubiri niseme kwamba uvivu wake uliuokoa msitu, kwamba hata mtegemezi ana kazi yake duniani, kwamba mama alimwangalia kwa macho mapya. Mama alimwangalia kwa macho yaleyale. Alimwambia kwamba kama angelala kwenye miti yote ingekuwa ni sera, lakini kulala kwenye mmoja ni wizi wa muda wa kazi. Mimi mwenyewe nimelifikiria sana na nimefika hapa: kirukia kinalisha chozi, nyuki, mbuzi na mchicha. Baba mdogo alikuwa anakula tu. Ila ni mtu wetu, na hilo halihitaji faida.

Leo msitu umeanza kurudi. Mama ana utaratibu wake: mti ukizidiwa anapunguza mafungu mawili matatu, anawapa mbuzi, mengine anayaacha. Nyuki wamerudi kwenye mzinga mmoja. Asali ya kwanza ilikuwa nyeusi na kidogo, na mchungaji aliambiwa aje na chupa yake.

Mguu wa baba mdogo umepona, lakini daktari alisema atembee sehemu tambarare ili ukae sawa. Mama akanipigia simu. Akasema Butiama ni vilima na mawe matupu, unaona mwenyewe, ila kule kwenu Musoma, hapo Buhare, mmekaa tambarare kabisa.

"Kwa muda gani, mama?"

"Mpaka anyooke."

Alifika na mfuko wa rambo. Kila asubuhi anatembea mpaka ufukweni Mwigobero kuangalia mitumbwi ikishusha dagaa, anarudi na fungu alilopewa na akina mama wa pale, ambao sijui anawaambiaga nini, na ananiomba nimkaangie na vitunguu vingi. Jana aliniuliza kama chumba kile cha nyuma kina dirisha.